Majani Aliyoleta Mkwe

Jumatatu, 3 Oktoba 1960

Nimejikata tena. Kidole kilekile. Wembe mpya ni adui wa mwalimu. Darasa zima la wasichana likacheka, nami nikacheka nao ili wasijue inauma.

Somo la leo lilikuwa jani kwa ndani. Unakata kijiti cha mti wa muhogo, unatoa ule moyo wake mweupe, unaupasua, unalibana jani katikati, halafu unakata vyote pamoja, vyembamba sana. Wasichana wanakata vinene vya kuezekea nyumba. Darubini ya shule ni moja, foleni mpaka mlangoni. Niliwaambia hata jani likikauka na kuvunjika likapoteza sura, ukilitazama ndani utalijua ni la mti gani. Nilisema kwa maringo. Nilijisikia mwalimu kwelikweli.

Nyumbani nimemkuta mama barazani anachambua karafuu, mguu wake uliovimba juu ya kigoda. Mguu huo ndio uliomzuia kuvuka kwenda kisiwa cha Fundo. Time, mdogo wangu, amejifungua huko Ijumaa, mtoto wa kiume. Mama amezalisha nusu ya Chake Chake, lakini mjukuu wake mwenyewe amepokewa na watu wengine. Linamuuma kuliko mguu. Kwa hiyo anatuma vitu. Juzi Hamadi, mume wa Time, alikuja kuleta habari na samaki wakavu. Kaondoka na kikapu kimejaa: tangawizi, pilipili manga, habasoda, na kifurushi cha sanamaki cha kusafishia tumbo, mzazi akishatimiza siku saba.

Hamadi na mama ni vituko. Tangu harusi sijasikia wameambiana maneno mawili yakafuatana. Mtu na mkwewe, heshima imezidi. Hamadi husimama nje ya baraza, macho chini, akaiamkia nguzo. Mama humwitikia kutoka nyuma ya mlango. Nikiwapo, mimi ndiye mkalimani wao, kama wale wa mahakamani. Juzi sikuwapo.

Jirani yetu Bi Mauwa tumbo limemfunga. Mama kampa sanamaki kidogo ya kuchemsha. Nimempelekea mwenyewe kwenye kikombe cha bati.

Mikeka ya karafuu imetandazwa mpaka njiani. Huna pa kukanyaga.

Jumanne, 4 Oktoba

Bi Mauwa mgonjwa sana. Alikunywa jana magharibi. Alfajiri wamemkuta ametapika, mdomo umekufa ganzi, pumzi inakuja kwa shida. Wanawe wamembeba na kitanda chake mpaka hospitali.

Halafu Salehe, mwanawe mkubwa, alikuja barazani kwetu. Watu wamejaa njiani. Akasema mama amemlisha mama yake sumu. Akataja na chama. Sisi chama hiki, wao kile. Siku hizi hata kisima kina chama chake. Huyu Salehe mwaka juzi akila kwetu, mkono wake na wangu sinia moja. Leo ananinyooshea kidole.

Mama aliinamia karafuu zake. Aliendelea kuchambua. Lakini niliona anatupa makonyo, vile vijiti vyake, kwenye karafuu na karafuu kwenye makonyo.

Naogopa. Niandike wazi maana hapa hapasomi mtu. Naogopa Bi Mauwa atakufa. Naogopa watatuchomea nyumba. Na naogopa jambo moja zaidi ya hayo, kwamba Salehe huenda anasema kweli bila kujua.

Jumatano, 5 Oktoba

Daktari aliniita. Kauliza Bi Mauwa kanywa nini. Nikasema sanamaki. Akasema sanamaki humharisha mtu, haimtii ganzi mdomoni, na yeye anataka kujua hasa ni jani gani lile. Kulipeleka Unguja kupimwa ni kazi ya siku nyingi. Ulimi wangu ukasema shuleni tuna darubini.

Nilimwomba mama majani yaleyale. Akaingia ndani, akatoka na kiganja cha majani mazima, mazuri.

Jani kavu halikatiki, linavunjika. Nilichemsha kwa maji ya magadi mpaka likalainika, nikalibana kwenye moyo wa muhogo, nikakata. Vipande vya kwanza nimetupa. Cha baadaye kikakaa vizuri kwenye kioo.

Vinyweleo vifupi, vinene, vina vipele, vimepinda shinani. Zile seli ndefu zilizosimama wima zimepangwa safu juu na safu chini, pande zote mbili. Hiyo ni sanamaki, wala sina haja ya kumwuliza mtu. Chuoni nimeichora mpaka naijua kwa kichwa. Nililia palepale, kioo cha darubini kikaingia ukungu.

Nilikwenda hospitali karibu na kukimbia. Nikamwambia daktari ni sanamaki, nina hakika. Akasema basi huenda ni moyo, au uzee. Salehe alikuwa amesimama mlangoni. Nilimkodolea macho mpaka akatazama pembeni. Nilifurahi, tena sana.

Chakula cha leo nimekula sahani mbili. Mama kaniita Mwalimu, kwa utani, mara ya kwanza tangu jana.

Alhamisi, 6 Oktoba, asubuhi

Yarabi.

Nimemwona mama anarudisha mkebe juu ya kabati. Na mwingine uko chini, karibu na jiko. Nikamwuliza mbona sanamaki iko mikebe miwili. Akasema wa juu ni ile ya zamani ya dukani, imebaki kidogo. Wa chini ni hii aliyoleta mkwe juzi, imevunjikavunjika.

Nikamwuliza Bi Mauwa alipewa ipi. Ya chini.

Na mimi jana nilipewa ipi? Ya juu.

Akaniona nautazama mkebe. Akasema, "Sasa weye ungenda kumwonesha daktari takataka? Nilikuchagulia mazuri."

Alinichagulia mazuri. Kama anavyomwekea mgeni paja la kuku. Sikuweza hata kumkasirikia. Na mimi nimesimama mbele ya daktari nikasema nina hakika.

Nimechota kwenye mkebe wa chini, nimefunga katika leso. Nakwenda shule sasa hivi.

Alhamisi, adhuhuri

Si sanamaki.

Nimewapa wasichana kazi ya kuchora nikajifungia chumba cha darubini. Vinyweleo virefu, laini, vimelala. Safu ya seli zilizosimama iko upande wa juu peke yake. Chini ni seli zimekaa ovyo, nafasi tele katikati. Nimekata tena, nikakata tena. Nimejikata na kidole cha pili, damu ikaingia kwenye maji. Kila kipande kinasema maneno yaleyale.

Basi ni nini? Darubini inaniambia si hili. Hainiambii ni lipi.

Nimerudi nyumbani kumwuliza mama Hamadi alisema nini, neno kwa neno. Akafikiri. Akasema, alisimama pale pake, akasema, "Mama, nimeacha dawa hapa," akaenda zake sokoni. Basi? Basi. Mama alikuwa amemtumia salamu amtafutie sanamaki Wete. Kaona fungu la majani makavu kwenye nguzo, kaona aliyoagiza yamefika. Akachota ya kumtosha, lililobaki akaliacha palepale. Akachambua, akafunga kifurushi cha Time, akakitia katika kikapu. Yaliyosalia akayatia mkebeni. Hamadi aliporudi alichukua kikapu na fungu lake, akaaga nguzo, akaondoka.

Nikauliza, kabla ya kuja hapa alipita wapi? Mama akasema Ole, kwa mjomba wake.

Mvuvi wa Fundo anafuata majani gani Ole?

Utupa. Wanaupanda mipakani mwa mihogo. Majani yanatwangwa, yanamwagwa kwenye vidimbwi vya miambani maji yakitoka, samaki wanaelea tumbo juu. Umekatazwa, kwa hiyo mwenye nao hautaji kwa jina. Anauita dawa. Nasi sote ndivyo tusemavyo. Dawa ya kichwa, dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya samaki. Zote dawa.

Na kifurushi cha Time kiko Fundo. Kesho anatimiza siku saba.

Niondoke sasa. Mwili unaniambia niondoke sasa. Lakini jana nilisema nina hakika na ilikuwa uongo. Nikikosea tena leo je? Nikaingia nyumbani kwa watu na kumwita mtoto wao mchinjaji wa mkewe, halafu isiwe? Nimemwomba Mzee Faki, mlinzi wa shule, kwake ni Ole na ana baiskeli, anifuatie tawi la utupa. Akanitazama. "Mwalimu, umeanza kuvua?" Nikasema nataka kusomesha. Amecheka, amekwenda.

Namngoja. Kila kengele ya baiskeli inanisimamisha.

Alhamisi, magharibi

Ndio wenyewe. Utupa wa Mzee Faki na majani ya mkwe ni kitu kimoja. Vinyweleo vilevile, safu ileile moja.

Na gari la mwisho la Wete limeshaondoka. Nilitaka uhakika. Nimeupata, umenilia siku nzima. Mjinga mimi. Ningelipanda gari la adhuhuri saa hizi niko kwa Time, nimekosea au sikukosea, basi ningelikosea. Ningelionekana mwendawazimu, na ingekuwa afadhali.

Nimemwambia daktari. Hakunigombeza. Kapiga simu Wete watafute mtu wa kuvuka Fundo. Nilisimama kando yake nikimtamkisha: Time asinywe dawa aliyotumiwa na mama yake. Sauti ya upande wa pili ikasema ndiyo, ndiyo. Simu inakoroma. Sijui kilichofika.

Bi Mauwa anapumua juujuu. Sikumwangalia usoni.

Nimemwambia mama. Alikaa sakafuni, ule mguu mbaya chini yake, wala hakuuhisi. Alisema, "Time."

Ijumaa, 7 Oktoba, Wete, gatini

Gari la alfajiri lilikuwa la magunia ya karafuu. Limesimama kila shamba. Kila likisimama dereva anashuka kuamkiana. Habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mavuno. Nilitaka kumng'ata.

Nimefika Wete maji yametoka. Mashua imekaa kwenye matope. Na leo Ijumaa, mabaharia wanakwenda msikitini, wanasema wakishasali ndipo maji yatakuwa yamerudi. Niliwaambia kuna mzazi na kichanga wanakufa. Mmoja akaniambia kwa upole, "Dada, hata siye tukikubali, bahari haijakubali." Kweli. Nimeitazama. Haijakubali.

Nimeuliza kuhusu ile simu. Wanasema mvuvi mmoja alivuka alfajiri na salamu. Salamu gani? Hawajui. Salamu.

Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga ukelele. Nimesoma Yasini nimechanganya aya. Kila nikifumba macho namwona Time anapuliza kikombe kipoe, kama alivyokuwa akipuliza tangu mtoto, mashavu yamejaa. Asinywe. Asinywe. Kikombe kimwagike, paka akipindue, chochote.

Wanaadhini sasa. Wamechelewa au ni mimi.

Jumamosi, 8 Oktoba, Fundo

Wako hai. Wote wawili. Niliandike hili kwanza, nisije nikasoma siku nyingine nikashtuka.

Jana tulifika alasiri. Niliruka kabla mashua haijagusa mchanga, buibui lote likalowa. Wanawake wamejaa mlangoni mwa nyumba, wakanipisha wakitazama chini. Nikajua amekunywa.

Time alikuwa amelala ubavu, anatapika maji ya kijani. Ananitazama hanioni. Mtoto pembeni yake halii. Alinyonya asubuhi baada ya mama yake kunywa, kisha akalegea. Ukiuinua mkono wake unaanguka wenyewe.

Nikauliza, salamu hazikufika? Bi Chumu, mama yake Hamadi, akasema zilifika tangu asubuhi. Zilisema Time asinywe dawa. Basi yeye akavichukua vidonge alivyopewa Time hospitalini Wete, akavitia baharini vyote. Halafu akamchemshia majani ya mama yake.

"Yale si dawa," akaniambia, na machozi yanamtoka. "Yale majani ya uzazi, ya mama yake mzazi."

Mimi mwenyewe ndiye niliyesema dawa katika ile simu. Sikusema majani. Wala utupa sikuutaja. Nilikuwa nimeshaujua na bado nikasema dawa.

Nikasema mtoto asinyonye tena kwa mama yake. Nani atamnyonyesha? Jirani yao Mwanaisha ana kichanga cha kike. Wakaanza kujadiliana. Akimnyonyesha huyu wanakuwa ndugu wa ziwa, hawaoani tena maisha, na wazee walishawatazamia hawa wawili kuoana. Watoto hawana hata meno! Nikapiga kelele. Mimi mgeni, mdogo kwa wote waliokuwa pale isipokuwa Time. Nikasema, "Akue kwanza, ndipo mje mumkataze kuoa!" Bi Chumu akasema, "Kweli. Mpeni." Mwanaisha akakaa, akafungua kanga.

Mtoto hakushika. Mdomo uko wazi hafanyi kitu. Mwanaisha akamkamulia tone, akangoja, tone jingine. Mimi nimeshika miguu yake midogo, baridi. Time tukamnywesha maji, akayatapika, tukamnywesha tena. Sikuwa na darubini, sikuwa na kitu. Mwalimu mzima nashika miguu.

Walikuwa wametoka kusali isha pale mtoto alipolia. Kilio chembamba kibaya cha hasira. Wanawake wote wakasema alhamdulillahi kwa pamoja kama wameambiwa. Bi Chumu akainama akalia kwenye magoti yangu.

Hamadi alikuwa nje ya dirisha muda wote. Chumba cha mzazi haingii. Nilitoka nikamwambia. Majani yako. Utupa wako. Alichuchumaa kwenye mchanga, mikono kichwani. Akasema aliporudi kutoka sokoni alilikuta fungu limepungua. Salamu za sanamaki hazikuwahi kumfikia. Akadhani mama ameujua utupa, amekasirika, ametupa nusu ili amwoneshe. Kwa hiyo akanyamaza kwa aibu. Kikapu hakukifunua, vitu vya wazazi havimhusu.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukuuliza?"

Akaniinulia uso. "Nimwulize mkwe?"

Aliniuliza kwa dhati kabisa. Kama nimemwambia avue nguo sokoni. Nilitaka kumpiga kibao. Badala yake nikakaa chini karibu naye.

Jumapili, 9 Oktoba, Fundo

Time amekaa kitako. Amekunywa uji. Midomo bado anasema ni ya mtu mwingine. Swali lake la kwanza, je, mama anajua? Nikasema anajua. Akalia. Si kwa ajili yake, kwa ajili ya mama.

Mtoto ananyonya kwa Mwanaisha kwa pupa. Mchumba amemkosa, dada amempata.

Hofu haijatoka. Kila akilala naweka kidole chini ya pua yake. Akipumua naondoa, nikishaondoa naanza tena. Bi Chumu naye anafanya hivyohivyo akidhani simwoni.

Nimempa salamu baharia anayekwenda Wete zifike kwa mama. Nilimrudisha mara tatu azirudie mbele yangu. Time mzima. Mtoto mzima. Walikunywa utupa, si sanamaki. Alichoka na mimi. Achoke.

Jumatano, 12 Oktoba, Chake Chake

Nimerudi jana. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa mguu ule. Salamu zilifika zote, hata neno moja halikupotea. Lakini alitaka kuzisikia kwa kinywa changu, nikazisema, akataka tena.

Mkebe wa chini ulikuwa mahali pake. Hakuthubutu kuugusa. Nimeyachimbia majani nyuma ya nyumba, mbali na kisima, na mkebe nimeuchimbia palepale.

Bi Mauwa yuko nyumbani. Mama akasema twende. Nikamwambia nitakwenda peke yangu kumweleza, akakataa, akavaa buibui, akaniegemea bega. Salehe alikuwa barazani. Mama alisema yote mwenyewe, wala hakumtaja mkwe. "Nilikupa utupa, Mauwa. Sikujua. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Salehe amekunja ngumi, amezikunjua.

Bi Mauwa alikuwa amelala, sauti haijarudi vizuri. Akasema, "Kazija, miaka yote hii majirani, kumbe waniona mie samaki changu?" Akacheka mpaka akakohoa, na mama akacheka huku analia. Salehe hakucheka. Lakini alikwenda ndani akaleta kiti, akamsogezea mama, kwa ajili ya mguu.

Leo alasiri Hamadi kaja. Nilikuwa barazani nasahihisha madaftari. Akasimama pale pake penye nguzo. Mama yuko nyuma ya mlango. Nikafungua mdomo kuanza kazi yangu ya ukalimani, Hamadi akaninyamazisha kwa mkono.

Akasema, "Mama." Akaishika nguzo. "Yale majani yalikuwa utupa. Yangu, ya kuvulia. Nilikwambia dawa. Nilikuwa niseme utupa, sikusema."

Nikadhani mama hatajibu, nikaanza kuogopa upya, hofu nyingine hii. Halafu mama akatoka. Akasimama barazani, mbele yake, amejifunga kanga ya jikoni. Akasema, "Na mimi nilikuwa niulize. Kaa, mwanangu."

Akakaa ukingoni kabisa, kama anayetaka kukimbia. Mama akaingia, akatoka na kikombe kinafuka moshi, akampa kwa mkono wake. Hamadi akakipokea. Akakitazama. Jasho linamtoka usoni.

"Ni nini, mama?"

"Tangawizi. Na maziwa, na sukari."

Akanywa. Mama akasimama pale mpaka kikombe kikaisha, kisha akamwuliza kama ataongeza.